Upande Mmoja wa Paa

Nyumbani kwetu Muthetheni neno "nitajaribu" lilikuwa limepigwa marufuku. Sifanyi mzaha. Ungeweza kusema umechoka, ungeweza kusema hutaki, na ukiwa na moyo mgumu ungeweza hata kusema umekosea. Lakini siku ya kwanza ya mwaka, mbele ya baba, ukifungua mdomo ukasema "mwaka huu nitajaribu," ulikuwa umejitafutia mwenyewe. "Kujaribu ni kujaribu nguo," baba alikuwa akisema. "Umevaa ama hujavaa?" Sisi watoto tulicheka kwa sababu yeye hakuwa akicheka.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi ya mwaka mpya tulienda kanisani, tukarudi, tukanywa chai na chapati, kisha baba akazima redio. Redio ikishazimwa, kila mmoja alijua zamu zimeanza. Ulisimama, ukashika mgongo wa kiti, ukasema jambo moja utakalofanya mwaka huo. Jambo moja tu, lakini liwe kubwa. Ukisema dogo, baba alikutazama kama mtu aliyeletewa chai bila sukari, halafu akauliza, "Na hilo ndilo la mwaka mzima?"

Ujana wake baba aliumalizia Lukenya akichonga mawe kwenye machimbo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunyooka tena, na alivionyesha kwa fahari, wengine wanavyoonyesha vyeti. Kwa maoni yake kulikuwa na vitu vya mawe, na kulikuwa na takataka. Nyumba yetu ya matofali na mabati ilimuudhi mpaka uzeeni, ingawa yeye ndiye aliyeijenga. Alisema aliijenga kwa haraka.

Mimi ndiye kifungua mimba wake, na nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita "mwaitu," ambalo kwa Kikamba ni "mama yangu." Fikiria hiyo hali: mzee wa kanisa, mtu wa kuogopwa na kijiji kizima, anakuita mama yake, halafu anasubiri useme neno. Nani angesema "nitajaribu"?

Mama yeye hakuwa na zamu ya kweli. Ikimfikia alisema, bila kusimama, "Mimi nitawaombea," na baba akapita. Kazi yake ilianza baadaye. Mama alitoa maneno yetu nje. Si umbea, hapana, mama hakuwa mmbea. Ilikuwa fahari. Akikutana na mtu kisimani, au sokoni Jumapili baada ya ibada, au kwenye kikundi chake cha kina mama, alianza, "Mtoto wangu amesema..." na hapo unajua maneno yako hayana tena pa kujificha. Ndugu yangu anayenifuata aliahidi kuoa miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa tatu bibi mmoja wa kanisani alimshika mkono hadharani akamuuliza, "Sasa huyo msichana ameshazaliwa, ama bado ni mbegu?" Tulicheka mpaka tukalia. Ndugu yangu alikaa wiki nzima bila kupita njia ya kanisa.

Nilicheka sana siku hiyo. Ningejua, ningecheka kidogo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Nilikuwa fundi wa nguo Machakos mjini, nashona sare za shule kwenye kibaraza karibu na soko. Si tajiri, lakini kijijini mtu wa mjini akija na mkate wa siagi na viatu vya kung'aa anaonekana amefika. Nami nilikuwa na ugonjwa huo wa kutaka kuonekana nimefika. Sitauficha.

Mwaka huo nilikuja nyumbani na jambo la kiasi la kusema, jambo la kazi yangu, halikuwa na hatari. Lakini asubuhi ile kabla ya kanisa nilimwona mama akipanda kutoka mtoni. Kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu. Maji unayachimba, unangoja yajae kidogo kidogo, unayachota kwa kata mpaka mtungi ujae. Kisha unaubeba mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, ule tunaouita mukwa. Mama alipoutua mtungi na kuutoa ukanda, niliona alama yake. Nilikuwa nimeiona maisha yangu yote. Ila siku hiyo kulikuwa na jua la kuchomoza, na lile bonde kwenye paji la uso lilikuwa na kivuli ndani. Uso wa mama yangu ulikuwa umechimbwa.

Basi redio ikazimwa, nikasimama, nikashika kiti. Baba akasema, "Haya, mwaitu." Nikafungua mdomo, na lile jambo langu la kiasi likapotea.

"Mwaka huu," nikasema, "mama ataacha kwenda mtoni. Nitamjengea tangi la maji. La mawe. Hapo nje ya jikoni."

Jamani, utamu niliousikia! Ndugu yangu alinitazama kwa wivu. Baba alisugua vile vidole vyake viwili, akatikisa kichwa polepole, juu chini, juu chini, na macho yake yakawa na maji. Sikuwahi kumwona hivyo. Mama alikuwa ameinamia birika la chai. Sikumtazama. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa: maji yalikuwa ya mama, ukanda ulikuwa wa mama, lakini nilipokuwa nikisema neno "mawe" nilikuwa namwangalia baba. Nilimwahidi mmoja, nikawa nampendeza mwingine.

Mama naye alitoka na habari ile akaenda nayo mbali.

Nisijidhulumu: nilianza. Januari ndiyo msimu wa sare, kazi ilikuwa tele, na mwezi wa pili lori lilipanda mpaka kwetu na mawe ya Lukenya. Baba alitembea kuzunguka lile rundo akigonga jiwe moja moja kwa nyundo, anasikiliza, anaweka upande. Akachomeka kigingi, akafunga kamba, akachora duara chini. Tukachimba msingi. Hata majirani walikuja kuona. Kesho yake asubuhi, kabla sijarudi mjini, nikamkuta amefuta duara la jana na kuchora lingine, kubwa.

"Mwaitu, lile lilikuwa la kunywesha kuku," akasema. "Ukijenga, jenga."

Hapo ndipo ningesema. Mawe yale yalitosha duara la kwanza, na hata hilo kwa shida. Mimi mwenyewe niliona, na yeye fundi wa mawe nadhani aliona pia, ila furaha ilikuwa imempofusha. Ningesema tu, "Baba, hili la kwanza linatutosha." Maneno matano. Nikasema, "Ni sawa, baba. Hili ni zuri zaidi." Nikaingia barabarani na viatu vyangu vya kung'aa.

Baada ya Pasaka pesa za simiti zilikuwa mkononi, nami nikapata akili ya ajabu. Nikajiambia: nikinunua cherehani ya pili na kumweka msichana wa kuishonea, nitapata simiti ya tangi na ya nyumba nzima. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Methali hiyo nilifundishwa shuleni na nilipata alama nzuri ya insha kwa kuieleza. Nikanunua cherehani. Ilipofika mwezi wa sita hapakuwa na sare za kushona, msichana akatafuta kazi kwingine, na cherehani ya pili ikawa meza ya kuwekea chai.

Nikaanza kukwepa nyumbani. Mtu wa kwetu hajui kusema "nimeshindwa," kwa hivyo anasema "niko na kazi." Nilikuwa na kazi Juni. Nilikuwa na kazi Agosti, likizo ya shule, wakati kila mtoto wa Ukambani mjini anapanda kwenda kwao kuwasalimu wazazi. Nilituma sukari na majani ya chai kwa watu waliokuwa wakienda, na salamu nyingi kuliko sukari. Kila nilipotuma nilijisikia mwizi anayemrudishia mwenye nyumba kitasa.

Mama naye alikuwa akinitumia vitu. Siku moja mwanamke wa kwetu aliyekuja sokoni alinishushia gunia la malenge. Makubwa, ya rangi nzuri. "Mama yako anasema yameota vizuri pale kwenye msingi," akaniambia. "Alisema udongo ulikuwa umechimbwa tayari, haufai kukaa bure."

Nikakasirika! Niliona ananisimanga. Niliyasukuma yale malenge chini ya meza nikawa nayatazama kwa jicho baya, na mwisho nikamgawia muuza mboga wa jirani yote, sikubakiza hata moja. Leo najua mama hakuwa na masimango hata punje. Aliona shimo lenye udongo laini, akapanda mbegu. Mwenye masimango alikuwa mimi, nilikuwa nayafuga mwenyewe ndani.

Halafu mvua ikaja. Wanaoikumbuka mvua ile ya El Nino hawahitaji kuelezwa. Ilianza mwezi wa kumi, na ikakataa kuacha. Mjini maji yaliingia kibarazani, vitambaa vikaota ukungu, barabara zikakatika huku na kule. Watu walilalamika, nami nililalamika nao kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nikisikiliza mabati. Kila mvua ilipopiga paa la kibaraza nilikuwa nasikia paa la mama, lile refu la nyumba na lile la jikoni, likimwaga maji chini usiku na mchana, maji masafi ya bure, mwaka wenye maji kuliko yote niliyowahi kuona. Nilikula vibaya. Nilimgombeza kila mteja.

Karibu na Krismasi njia ilipitika kidogo, nikaenda. Kutoka barabarani mpaka kwetu nilitembea nimevua viatu, matope yanafika kwenye vifundo. Na nilipokaribia nikamwona mama mbele yangu kwenye kile kilima, amefunikwa na gunia la nailoni kichwani, anapanda polepole, mtungi mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Mvua inanyesha, na mama amebeba maji!

Nilimkimbilia. "Mama! Umetoka wapi na maji kwenye mvua hii?"

"Karibu, mama," akasema, na tabasamu lake lote. "Umekuja! Nimetoka kwa jirani. Mtoni hakuendeki, maji ni uji wa matope na visima vyote vimezikwa. Ya kwenye sufuria yameisha, nilikuwa na nguo za baba yako za kufua."

Nikampokonya mtungi. Ulinitelezea mara mbili kabla hatujafika, mimi mwenye nguvu zote. Nje ya jikoni sufuria, karai, beseni na hata kile chungu cha pombe cha marehemu nyanya vilikuwa vimepangwa chini ya mabati, vinapokea matone. Na pale pembeni, duara la baba. Mtaro wa msingi ulikuwa umejaa maji ya kahawia mpaka juu, vyura wanaimba ndani. Mawe yalikuwa yamekaa hapo kandokando, yameota kijani. Hilo ndilo lilikuwa tangi langu.

Nilisema nitaenda mimi kwa jirani kuleta mtungi wa pili. Nilitaka kutoka tu, nisione ule mtaro.

Jirani yetu ni mama mjane wa rika la mama, nyumba yake iko chini ya matuta ya shamba letu, na yeye na mama walikuwa kikundi kimoja cha mwethya. Mwethya ni kazi ya umoja: leo kina mama wote wanaenda kwa huyu wanachimba matuta, kesho wanaenda kwa yule wanajenga. Mwaka huo walikuwa wakijengeana vitangi vya waya wa kuku na simiti, vidogo, vya kimo cha mtu, kila mmoja kwa zamu yake. Baba alividharau. Alisema ni vikombe. Kikombe cha jirani kilikuwa kimejaa hadi kinamwagika.

Alinipokea kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, wewe na mama yako," akasema huku akinifungulia mfereji. "Chota mpaka uchoke. Hili tangi si langu, mimi ni mtunzaji tu."

"Si lako kivipi?"

Akanitazama. "Kwani mama yako hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Aiya," akasema, akashika mdomo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. "Mwezi wa saba ilikuwa zamu ya mama yako. Yangu ilikuwa mwisho kabisa, pengine mwaka ujao. Waya na simiti vilikuwa vimeshafikishwa kwenye lango lenu. Tulikuja na majembe yetu tukimwimbia. Mama yako akasimama mbele yetu akasema, 'Asanteni, lakini pelekeni kwa huyu mjane. Mimi mtoto wangu ananijengea la mawe.' Tukampigia vigelegele. Wewe pia tulikupigia, ingawa hukuwepo."

Walinipigia vigelegele! Mwezi wa saba! Mwezi wa saba mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya cherehani mbili nikinywa chai juu ya moja.

Sikumbuki nilivyopanda na ule mtungi. Nakumbuka nilipofika niliutua vibaya, maji yakanimwagikia, na nikamwingilia mama jikoni nikiwa na hasira. Ndiyo, hasira. Mwenye hatia huanza kwa kupiga kelele. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua kunde kwenye ungo.

"Mama, kwa nini ulikataa tangi la mwethya?"

"Nani amekwambia?"

"Si hoja nani! Ulikuwa unaona msingi umeota malenge! Ulikuwa unaona sijafika! Ungechukua lako kwanza, hata kama ni dogo. Usiache mbachao kwa msala upitao, mama, si wewe ulinifundisha?"

Akaendelea kuchambua. Akatoa kunde mbovu, akaitupa nje mlangoni.

"Ulikuwa umesema," akajibu.

"Nilisema, ndiyo, lakini..."

"Ulisimama pale mbele ya baba yako ukasema. Nami nikawaambia watu. Sasa wale kina mama wamefika langoni na simiti yao, ungetaka niwaambie nini? 'Nijengeeni tu, yule mtoto wangu alikuwa anaongea'?" Akainua macho. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ningelipokea lile tangi, ingekuwa ni mimi nimekuita mwongo. Mimi mama yako. Sikuweza."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya udongo, na nguo zangu zilizolowa, nikalia kwa sauti. Mama alidhani ni baridi. Akanisogezea jiko la makaa.

Sijawahi kujisikia mdogo hivyo. Ningevumilia kama ningekuwa sikumjengea tu. Wangapi huahidi na hawatimizi? Lakini neno langu lilikuwa limefanya kazi ya mwizi. Lilikuwa limeingia langoni likachukua kile alichokuwa nacho tayari mkononi, alichokifanyia kazi kwenye mashamba ya wenzake kwa jembe lake. Kama nisingesema kitu siku ile, kama ningekaa kimya nikala chapati zangu, mama angekuwa anachota maji nje ya jikoni yake.

Ikaja siku ya mwaka mpya. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na kanisani tulikuwa wachache. Tukarudi, tukanywa chai. Baba akazima redio. Nilikuwa nimekaa siku zote zile nikipima. Sipimi neno tena kwa macho ya baba, nilijiambia. Napima kwa kile mfuko wangu unajua, na kwa kile mikono yangu inaweza kumaliza kabla shule hazijafunga. Nilitoka nje mara kadhaa nikitazama paa. Nikauliza fundi mmoja wa sokoni. Nikajumlisha, nikatoa, nikatoa tena.

"Haya, mwaitu," baba akasema. Sauti yake haikuwa ya mwaka uliopita. Alikuwa mpole, kama anayemsaidia mgonjwa kuinuka.

Nikasimama. Nikashika mgongo wa kiti.

"Mwaka huu nitaweka gata kwenye paa la jikoni, upande mmoja. Na pipa moja chini yake."

Ndugu yangu aliguna, akajizuia. Wadogo zetu wakatazamana. Gata ni nini? Ni kipande cha bati kilichokunjwa kukinga maji ya paa. Mtu hasimamii kiti kwa kipande cha bati.

"Upande mmoja?" baba akauliza.

"Upande mmoja."

"Na ule mwingine?"

"Ule mwingine utaendelea kumwagika, baba."

"Na tangi?"

"Sina la kusema juu ya tangi."

Baba aligeuza uso akatazama dirishani, kule kwenye mawe yake. Nilijua nimemvunja moyo, na nilijisikia vibaya kwa hilo pia, maana kwa mtu wa kwetu hakuna siku unakosa wa kumkosea. Lakini sikurudisha neno. Nilibaki nimesimama mpaka akasema, "Keti."

Zamu zikaendelea. Ndugu yangu hakuahidi kuoa mwaka huo. Alisema atapaka nyumba rangi. Zilipomalizika baba alinyoosha mkono kuwasha redio, kwa sababu zamu ya mama hakuna aliyeingoja, sote tulikuwa tunaijua.

Mama akasimama. Sikuwahi kumwona akisimama kwenye jambo hilo. Akashika mgongo wa kiti kama sisi.

"Mimi pia niko na langu," akasema. "Mwaka huu yanayosemwa hapa ndani sitayapeleka nje."

Akaketi. Akauliza ni nani bado anataka chai.

Wadogo zetu hawakuelewa. Walidhani ni mzaha. Mimi nilielewa kila neno, na baba alielewa, kwa sababu mkono wake ulibaki juu ya ile redio bila kuiwasha. Mama alikuwa amelipata lake la kiasi, kama mimi nilivyolipata langu. Alikuwa amepima anachoweza kukibeba.

Mwezi wa pili nilipanda na fundi, na mabati, na pipa lililooshwa mara nyingi mpaka harufu ya mafuta ikaisha. Tulipigilia gata siku moja, mimi nikiwa nimeshika ngazi. Jioni hiyo hiyo manyunyu yalikuja, hayakuwa mengi, lakini paa likakusanya, na asubuhi pipa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Nilizunguka lile pipa asubuhi yote. Niligusa maji kwa kidole. Nilikuwa na furaha ya kijinga, na nilikuwa nangoja kitu, sikujua nini.

Jirani akapita njia ya juu akielekea shamba, jembe begani. Akasimama.

"Aiya! Mmepata maji!" akasema. "Nani amewawekea?"

Nilikuwa nimesimama pale pale kando ya mama, mikono bado na mikwaruzo ya bati. Nilimwachia mama. Nilingoja aseme yale maneno yake, yale aliyokuwa akiyasema tangu nikiwa wa kubebwa, "Mtoto wangu..." Yangetosha hayo mawili.

"Ni pipa tu," mama akasema.

Akachota maji kwa kata, akajaza sufuria yake, akaingia jikoni.